Maabara mbili, siku tatu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya kilimo, na nimerudi nyumbani Chikongola, Mtwara, kwa likizo. Chuoni nasaidia utafiti katika maabara mbili: moja inachunguza ubwiriunga, ugonjwa wa fangasi unaoshambulia mikorosho, nyingine inapima udongo wa mashamba. Nina siku tatu tu kwa wiki zisizo na vipindi, na muhula uliopita nilizigawa sawasawa, lakini wasimamizi wote wawili walilalamika. Je, niache moja?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiache bado, maana naona tatizo limeanzia kwenye huko kugawa sawasawa. Fangasi anayeleta ubwiriunga huishi juu ya mmea ulio hai tu, wala haoteshwi kwenye sahani za maabara kama fangasi wengine wengi, kwa hiyo anayemtafiti hulazimika kutunza miche na kuwahi majani yakiwa bado machanga, kwa sababu yakishakomaa hayashikwi na ugonjwa kwa urahisi. Huku kwetu mikorosho huchanua kati ya Juni na Septemba hivi, na wewe mwenyewe umeona shada la maua likifunikwa na unga mweupe, likageuka kahawia na kukauka bila kuzaa hata korosho moja. Ukikosa wiki hizo, utasubiri mwaka mzima.

Udongo una subira. Ukishaanikwa kivulini ukakauka, ukapondwa, ukachekechwa kwa chekeche ya milimita 2 na kufungwa kwenye mfuko wenye lebo, unaweza kukaa miezi ukisubiri vipimo vingi, kama vile vya uchachu. Naitrati, yaani naitrojeni ya udongoni ambayo mimea huitumia, ni jambo jingine, kwani hiyo hupimwa upesi au sampuli ikahifadhiwa kwenye baridi.

Basi chora kalenda ya muhula kwenye karatasi moja, uipe miche siku mbili wakati wa majani machanga na maua, kisha uulipe udongo siku zake msimu huo ukipita. Ipeleke kwa kila msimamizi ana kwa ana, na umtajie waziwazi kazi ya mwenzake. Nakusihi hili kwa sababu nilipokuwa kijana niliificha kazi ya pili muhula mzima, hadi asubihi moja nilipochelewa nikakuta sahani kumi na mbili zimeota ukungu wa kijani, na msimamizi wangu akaniuliza jambo moja tu: kwa nini sikumwambia.

Kila maabara iwe na daftari lake na koti lake, na matokeo ya huku usiyapeleke kule bila ruhusa. Endapo mmoja wao, akishaiona kalenda, bado atadai siku zote tatu, hapo omba kwa heshima kuacha kazi ya maabara yake mwisho wa muhula, ukishamkabidhi mwanafunzi mwingine sampuli na daftari.