Mkia wa Anja: majibu kwa wasomaji wa vibonzo

Niliomba maswali kuhusu kusoma na kuhakiki vibonzo, yakaja mengi kuliko nilivyotarajia. Haya ndiyo niliyoyaweza safari hii.

*Shikamoo. Nina miaka 46. Mume wangu akiniona na kitabu cha vibonzo anauliza kama nimemnyang'anya mtoto. Nimjibu nini? (Mama wa watatu, Morogoro)*

Marahaba, dada. Muulize: baba yake alipokuwa akinunua gazeti la Uhuru alianza kufungua wapi? Wazee wetu walimtafuta Chakubanga, yule mhusika wa vibonzo, kwanza, hotuba baadaye, na hakuna aliyesema wao ni watoto. Akikomaa, mwambie kwamba mwaka 1992 waamuzi wa Pulitzer, tuzo kubwa ya waandishi wa Marekani, walitoa tuzo maalumu kwa Maus, kitabu ambamo Art Spiegelman amechora namna baba yake, Myahudi wa Poland, alivyonusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wayahudi ni panya, Wajerumani ni paka. Watoto wadogo hapo kwako ndio wa kufichwa kitabu hicho, wewe kisome sebuleni.

*Kila nikijaribu kuhakiki najikuta nimesimulia hadithi yote mwanzo hadi mwisho. Nakosea wapi? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)*

Unasoma viputo vya maneno tu. Maneno yakiisha unafungua ukurasa unaofuata, na picha umeipita kama mtu anayepita mbele ya duka asilo na haja nalo. Ukija kuandika, ulichobaki nacho kichwani ni maneno, yaani hadithi, basi unaisimulia.

Soma mara mbili. Mara ya kwanza soma upendavyo, hadithi ikuchukue. Mara ya pili ziba viputo kwa kidole uone mchoro unasema nini ukiwa peke yake. Nikupe mfano kutoka kitabu hicho hicho cha Maus. Wapolandi humo wamechorwa kama nguruwe. Kwa hiyo Vladek, baba wa mchoraji, anapotoka mafichoni akijifanya Mpolandi, anavaa barakoa ya nguruwe iliyofungwa kwa uzi kisogoni. Mkewe Anja anatembea naye, naye kavaa barakoa yake. Lakini chini ya koti lake mkia wa panya unaning'inia, mrefu, waziwazi. Vladek anasimulia tu kwamba mkewe alikuwa rahisi zaidi kutambulika kuwa Myahudi. Hiyo ni habari. Mkia ndio unaokufanya utake kumpigia kelele mwanamke wa watu aufiche upesi, kabla hajapita mtu.

Andika kuhusu mkia huo. Ukimweleza msomaji wako kilichotokea moyoni mwako ulipouona, na mchoraji alifanya nini kwa wino hadi kikatokea, umehakiki. Hadithi yenyewe ipe sentensi tatu.

Angalia pia mwanya mweupe kati ya kisanduku na kisanduku. Scott McCloud, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kinachoeleza vibonzo kwa vibonzo, ana mfano nisiousahau: kisanduku cha kwanza mtu kainua shoka nyuma ya mwenzake, cha pili ni mji usiku na mayowe hewani. Pigo halikuchorwa popote. Aliyelishusha shoka ni wewe uliyesoma, tena umelishusha pale ulipotaka. Ukikutana na mwanya wa namna hiyo, sema umeachiwa kazi gani, na kama ilikuwa haki kuachiwa.

Na tafadhali, mtaje mchoraji. Nimechoka na hakiki zinazomtaja mwandishi mara sita na mchoraji hata mara moja. Hadithi za vibonzo za Aya wa Yopougon, mtaa wa Abidjan huko Ivory Coast, kaziandika Marguerite Abouet aliyezaliwa Abidjan, lakini mikono iliyochora ile mitaa na zile nguo ni ya Clément Oubrerie, Mfaransa. Ukisifia vumbi la Yopougon bila jina lake umemsifia mtu mwingine kwa kazi ya mwenzake.

*Mimi sijui kuchora hata nyumba ya mabati. Nina haki gani ya kukosoa mchoro wa mtu? (Fundi cherehani, Tanga)*

Wangapi hapo Tanga wanajua kupiga fidla? Na bado taarabu ikichuja ukumbi mzima unajua. Ila usiishie kwenye "picha nzuri" au "picha mbaya". Sema nilichanganya wahusika wawili kwa sababu wana nywele zilezile. Sema kwenye ugomvi sikujua nani kasimama upande gani. Wewe fundi unajua mshono uliovutika, ndiyo maneno ninayotaka.

*Nimenunua kibonzo cha Kijapani nikadhani kimechapwa kinyume. Nikirudishe? (Kijana, Unguja)*

Usikirudishe. Kinaanzia kulia kwenda kushoto, visanduku na viputo vilevile. Wewe uliyepita madrasa huna la kujifunza hapo. Zamani wachapishaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wakizigeuza kurasa kama kwenye kioo ili wasomaji wao wasihangaike, matokeo yake wapiganaji wote wakawa wanashika upanga kwa mkono wa kushoto.

*Mwanangu wa miaka tisa ameletewa Tintin nchini Kongo na jirani. Mimi mzaliwa wa Lubumbashi. Nikitupe? (Baba, Brussels)*

Ndugu yangu, mimi nisingekitupa, lakini nisingemwachia peke yake. Hergé, Mbelgiji mchoraji wa Tintin, alianza kuichapa hadithi hiyo mwaka 1930 katika nyongeza ya watoto ya gazeti la Kikatoliki hapo hapo Brussels, naye Kongo hakuwahi kukanyaga. Mwaka 1946 aliichora upya kwa rangi. Katika toleo la kwanza Tintin anasimama darasani kuwafundisha watoto wa Kikongo kuhusu nchi yao, Ubelgiji. Katika toleo la rangi somo limekuwa hesabu, mbili na mbili. Maneno yakapunguzwa ukali. Nyuso zikabaki.

Na nyuso ndizo za kumwonyesha mtoto. Kaa naye, mwambie alinganishe Wazungu wa kitabu hicho: huyu ana ndevu, yule ana pua ndefu. Kisha ahamie kwa Wakongo aone ni wangapi anaweza kuwatofautisha bila kutazama mavazi. Mtoto wa miaka tisa ataliona mwenyewe bila hotuba yako. Mwaka 2007 Mkongo mmoja aishiye Ubelgiji alikwenda mahakamani kutaka uuzaji wa kitabu hicho uzuiwe, na mwaka 2012 mahakama ikakataa, ikisema haikuona nia ya kuchochea ubaguzi. Nia ya mchoraji waliijadili mawakili. Sisi wasomaji tunaangalia kilichobaki kwenye karatasi, na kilichobaki ni uso mmoja uliorudiwa nchi nzima.

Halafu mpe cha mtu wa kwenu, kama ninavyomjibu mwalimu hapa chini.

*Nina klabu ya usomaji ya kidato cha tatu. Nataka wahakiki kibonzo kinachohusu kwetu. Kipo? (Mwalimu, Kigoma)*

Kipo, mwalimu, tena mnaweza kukihakiki mkiwa mnaitazama bandari. Kinaitwa Madame Livingstone, kilitoka kwa Kifaransa mwaka 2014 na kimetafsiriwa Kiingereza. Kimechorwa na Barly Baruti wa Kisangani, akiandika pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Ni Vita vya Kwanza vya Dunia: rubani wa Kibelgiji analetwa ziwa Tanganyika kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, na anayemwongoza ni mtu chotara avaaye sketi ya Kiskoti, anayejiita mwana wa Livingstone.

Meli yenyewe wanafunzi wako wanaijua kwa jina la Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapo Kigoma, ikaanza kazi 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 walipokuwa wakikimbia, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi majini 1927. Wape kazi moja tu: watafute picha ya Liemba, waiweke kando ya meli ya Baruti, waandike amebadilisha nini na kwa nini wanadhani amebadilisha. Atakayesema "hajabadilisha kitu" mrudishe akatazame tena. Mchoraji daima anabadilisha kitu. Na wenye babu au bibi Ujiji waulize nyumbani jina la Livingstone linasimuliwaje. Yale majibu yanaweza kuwa mazuri kuliko hakiki zenyewe.

*Nasoma kwenye simu, kisanduku kimoja kimoja. Naruhusiwa kuhakiki? (Dereva wa bodaboda, Mwanza)*

Ruhusa unayo, ila mwambie msomaji wako kwamba umesomea simuni. Vibonzo vingine siku hizi vinachorwa kwa ajili ya simu, unashuka tu na kidole, hivyo huna ulichokosa. Lakini kilichochorwa kwa ajili ya karatasi kilipangwa ukurasa mzima: kisanduku kikubwa kimewekwa pale ili kivimeze vidogo vinavyokizunguka, na jambo la kushtua limefichwa nyuma ya karatasi ili ulikute unapofungua. Simu inakupa vyote kwa ukubwa mmoja. Usije ukaandika "hadithi haina mshtuko" kumbe mshtuko umebaki kwenye kitabu.

*Umewahi kusema una matoleo ya zamani ya jarida la vibonzo la Sani, yale ya Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Naomba uniazime wiki moja. (Jirani yako, Ilala)*

Hapana. Baiskeli nitakuazima. Sani niliwahi kuazima moja, ikarudi imefungiwa vitumbua. Njoo Jumamosi usomee hapa barazani, na unawe mikono.