Pointi 8 mbele kwenye Countdown bado si ushindi

Umeuliza mchezaji aliyekuwa nyuma kwa pointi 8 kwenye Countdown alishindaje. Kwenye shindano hili la TV la maneno na hesabu la Uingereza, raundi ya mwisho ni fumbo la herufi 9 zilizovurugwa, za kupangwa ziwe neno moja: anayewahi kubonyeza na kupatia anazoa pointi 10, mwenzake haambulii kitu. Pengo la 8 hapo linafutika mara moja. Ila mimi naona mechi za namna hii huponyokea kwenye raundi za namba, ambapo wachezaji hupiga hesabu kwa namba walizopewa ili wafikie namba fulani, na aliyekaribia zaidi ndiye anayepata pointi. Tuseme wamepewa 75, 25, 6, 4, 3 na 2, watafute 463 kwa sekunde 30. Mmoja akiishia 462, mwingine akapiga 75×6+25−4×3, wa kwanza anatoka kapa, na kakosa kwa 1 tu! Wakifungana hata baada ya fumbo, wanaongezewa jingine mpaka mmoja apatie.