Fundi wa kumi la mwisho na jiko la Idi

Kama kuna kitu jikoni kwako kinavuja, kimelegea au kinanuka, kitengeneze kabla kumi la mwisho la Ramadhani halijaingia. Likishaingia, kiache kama kilivyo. Kifunge kitambaa, weka ndoo chini, maisha yaendelee. Sikukuu nyingi nimepikia ukoo mzima hapa Dar, na karibu kila balaa ninalolikumbuka lina fundi aliyechelewa ndani yake.

Mwaka mmoja sinki letu lilikuwa limeachana na ukuta. Fundi aliahidi Jumatatu, kisha kila nikimpigia yuko "njiani, mama". Akatokea usiku wa kuamkia Idi, takbira zinasikika msikitini. Akapaka silikoni pembezoni, akailainisha kwa kidole chenye sabuni, akagonga sinki mara mbili, akasema, "Hii sasa haitoki." Silikoni ile inataka saa 24 hivi bila kuguswa, imeandikwa kwenye tyubu yenyewe, na tyubu aliiacha juu ya friji. Saa kumi na mbili asubuhi wifi yangu akatua humo sufuria ya nyama, akafungulia koki. Sinki likashuka upande mmoja kama ngamia anayepiga magoti, likang'oa bomba la chini, na nyama nusu ikaenda sakafuni. Paka wa mtaa walikula Idi kabla yetu. Wageni waliokula kile kilichobaki hawakuambiwa kitu. Leo ndiyo wanajua.

Tangu hapo fundi akimaliza kazi yenye silikoni, saruji au gundi, namuuliza inakauka kwa muda gani, halafu naongeza siku juu ya jibu lake. Vifaa nanunua mwenyewe dukani, na hela ya ufundi natoa baada ya kuona maji yakipita.

Hata bila fundi, sinki litaziba siku hiyohiyo ya Idi, kwa sababu siku hiyo linanyweshwa mafuta kuliko mwezi mzima. Samli na mafuta ya nyama yakipoa hugandia kwenye kile kipande cha bomba kilichopinda chini ya sinki, punje za wali zinanasa juu yake, basi. Mwaga mafuta kwenye kopo, futa sufuria kwa gazeti ndipo uoshe. Likiziba, weka ndoo chini yake, fungua kile kipande kwa mkono, kisafishe. Usimimine maji yanayotokota: mabomba ya plastiki huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi. Na kama umeshatia dawa ya kuzibua, mwambie atakayefungua bomba kabla hajainamisha uso wake pale.

Sasa gesi. Watu wanaweka sufuria la harusi juu ya mtungi mdogo wa kilo 6, halafu wanashangaa moto unafifia katikati ya pilau. Ukiushika mtungi ni baridi, umetoka jasho. Gesi bado imo, lakini imo kama kimiminika, inahitaji joto ili igeuke hewa, na mtungi mdogo haulipati haraka kiasi hicho. Hapo ndipo atatokea shemeji mwenye wazo la kuumwagia maji ya moto au kuusogeza karibu na mkaa. Mtoeni jikoni. Sufuria kubwa ni la mkaa tangu zamani: moto wa wastani chini, na wali ukishakaukiwa unapalia makaa juu ya mfuniko.

Mpira wa gesi na regyuleta vikague wiki moja kabla, kwa povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakivimba, panavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu pekee halikusaidii. Funga mtungi, fungua mlango, na swichi ya taa usiiguse.

Idi ikiangukia masika, kama ile ya Aprili 2024, kishawishi ni kuingiza jiko la mkaa koridoni na kufunga mlango mvua isiingie. Usifanye hivyo. Hewa mbaya ya mkaa haina harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, wenzake wanadhani ni uchovu wa kukesha. Pikia barazani chini ya bati, uloane kidogo.

Umeme nitausema kwa ufupi. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi isiyozidi ampea 13, yaani wati 3,000 hivi. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,500 kwenye ekstensheni moja tayari vimezidi. Nunua LUKU mapema, na fundi anayefunga waya mahali pa fyuzi usimwite tena.

Mafuta ya sambusa yakiwaka, zima jiko, funika karai kwa mfuniko mkubwa au sinia, uliache hivyo hivyo hadi lipoe. Maji yakigusa mafuta yale yanageuka mvuke papo hapo na kuurusha moto hadi darini.

Pilau likishika chini, usikoroge. Pakua la juu taratibu kwenye sufuria jingine bila kugusa ukoko, onja, ndipo uamue.

Na yale mengine yote, rangi iliyobanduka, bawaba ya kabati, koki inayodondosha, mwite fundi Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukishaanza. Kazi hana, bei inazungumzika, na ukimpigia simu hayuko njiani, yuko mlangoni.