Re: Nani alipeleka watu wengi zaidi vita vya Texas, Tennessee au Kentucky?

Salaam mkuu. Umekwama kuhesabu waliokwenda kupigania uhuru wa Texas kutoka Mexico (1835–36), kwa sababu orodha moja ya waliokufa Alamo, ngome ya San Antonio, inamweka Jim Bowie, mmoja wa makamanda wa ngome hiyo, Kentucky, nyingine Louisiana, na hesabu hazikutani.

Kabla ya kujumlisha, angalia orodha inafuata nini: alikozaliwa mtu au alikotokea kwenda Texas. Bowie alizaliwa Kentucky, akakulia Louisiana. Travis, kamanda mwenzake, ni mzaliwa wa South Carolina aliyekulia Alabama, na Texas alihamia 1831, kwa hiyo kumwita mgeni wa kujitolea ni kulazimisha. Davy Crockett, aliyekufa nao Alamo, ndiye rahisi: Tennessee tupu.

Majina ya vikosi nayo yanadanganya. New Orleans Greys, kikosi cha kujitolea, waliundwa New Orleans Oktoba 1835, lakini ndani yake kulikuwa na watu wa majimbo mengine, hata Wajerumani. Ukiwapa Louisiana wote, umeshakosea.

Tena usiishie Alamo. Watu wa Georgia na Alabama utawakuta Goliad, mji wa Texas ambako jeshi la Mexico liliwaua wafungwa wengi tarehe 27 Machi 1836. Kikosi cha Sherman kutoka Kentucky kipo San Jacinto, pigano lililoamua vita hivyo, sambamba na Watejano (wenyeji wa Texas wenye asili ya Mexico) wa kamanda Juan Seguín, ambao orodha za majimbo huwasahau kabisa.

Halafu linganisha na hati za ardhi za Texas, kwani wapiganaji walilipwa kwa ardhi: ekari 320 kwa kila miezi 3 ya utumishi. Soma jina kwenye cheti cha utumishi, si kwenye hatimiliki. Wengi waliuza vyeti vyao, na mwenye shamba huenda hakupigana.