Masalia kwenye ontolojia ya pamoja: kabla hujafuta istilahi yatima

Ukijiunga na timu inayotunza ontolojia ya pamoja, yaani orodha ya istilahi zenye fasili na mahusiano ambayo kompyuta inaweza kuyasoma, mara nyingi utaanzia kwenye usafi. Utafungua faili kwenye Protégé, programu ya kuhariri ontolojia, na kukuta chini ya owl:Thing, kilele cha mti wote, kumejaa istilahi zisizo na mzazi. Moja imebaki baada ya tawi lake kuhamishwa, nyingine ina lebo bila fasili, ya tatu ilitungwa kwa ajili ya mradi uliokwisha zamani. Mkono utakuwasha uzifute zote. Uzuie.

Kitambulisho kikishatolewa hadharani, wenye haki nacho ni wengi. Vitambulisho vya Gene Ontology, ontolojia inayoeleza kazi za jeni, vimo kwenye rekodi za jeni za binadamu, panya na hamira, na ontolojia nyingine, kama ile ya aina za seli, huvitumia ndani ya fasili zake. Ukifuta kimoja, kwako hakuna kitakachoharibika. Atakayeumia ni mtu wa mbali ambaye data yake inaelekeza mahali pasipo na kitu, naye hatajua amuulize nani. Kwa hiyo jumuiya ya OBO, inayounganisha watunzaji wa ontolojia za biolojia, haifuti, inastaafisha. Istilahi inabaki na kitambulisho kilekile, inawekewa alama ya owl:deprecated, lebo yake inaanza na neno obsolete, na mahusiano yake ya kimantiki yanaondolewa. Hayo utayazoea upesi.

Pagumu ni kumwelekeza mtumiaji aende wapi. Ukiandika kwenye istilahi hiyo replaced_by (imebadilishwa na) pamoja na istilahi mpya, unaiambia programu ibadilishe bila kuuliza, na rekodi za watu zitahamishwa usiku pasipo jicho la binadamu. Ukiandika consider (fikiria), unamwambia mtu kwamba istilahi za karibu ni hizi, akae achague. Istilahi ya zamani ikiwa ilibeba maana mbili ambazo sasa zimetenganishwa, replaced_by inadanganya, hata kama moja ya hizo mbili ndiyo inayotumika zaidi. Mimi nikisita hata kidogo, naandika consider. Afadhali mtu apoteze dakika chache akichagua kuliko data yake ibadilike maana bila yeye kujua.

Ipo pia njia ya kuunganisha, na mfano ninaoupenda unatoka Gene Ontology yenyewe. Ilikuwa na istilahi ya kazi ya molekuli isiyojulikana, GO:0005554. Tatizo ni kwamba kutojulikana si aina ya kazi, ni kipimo cha ujuzi wetu sisi. Basi ikaunganishwa na shina, yaani istilahi ya juu kabisa ya kazi za molekuli, GO:0003674, na namba ya zamani ikabaki pale kama kitambulisho mbadala. Leo anayetaka kusema hakuna data hutumia shina hilo pamoja na alama ya ushahidi ND. Tazama walivyofanya: walitambua kwanza watu walikuwa wanaitumia istilahi ile kusema nini, wakahakikisha bado wanaweza kulisema, ndipo wakaiondoa.

Hata nje ya biolojia hawafuti: Schema.org, msamiati wa kuelezea data kwenye kurasa za wavuti uliozinduliwa mwaka 2011 na Google, Microsoft na Yahoo, ina eneo maalumu la istilahi zilizostaafu, attic.schema.org. Zinasomeka, ila hazipendekezwi tena.

Kabla ya kuamua lolote, tafuta historia. Kwenye git, programu inayotunza historia ya mafaili, amri ya git log -S ikifuatiwa na kitambulisho itakuonyesha mabadiliko yaliyokiingiza au kukiondoa mahali. Mara nyingi utagundua kwamba yatima huyo si takataka: mzazi wake alipotea wakati faili la istilahi zilizoagizwa kutoka ontolojia nyingine liliposasishwa vibaya. Hapo dawa ni kumrudishia mzazi. Kisha endesha robot report, amri ya ROBOT, zana ya kukagua ontolojia, ambayo hukuonyesha lebo zinazojirudia, fasili zinazokosekana na aksiomu (kauli za kimantiki) zinazotaja istilahi iliyostaafishwa. Lakini ripoti hiyo huona faili lako tu. Wanaoitumia nje utawapata kwa kutangaza nia yako mapema kwenye orodha ya masuala ya mradi na kuwapa muda wa kujibu. Usione haya kusubiri.

Na usafi uupeleke peke yake, usiuchanganye na istilahi mpya katika ombi moja la mabadiliko. Mhakiki akipewa vyote pamoja, macho yake yatakimbilia vipya, na ile istilahi moja ambayo bado inategemewa na tawi jingine itapita bila mtu kuiona.