Ampu inakata muziki ukiongeza sauti? Pima omu kabla hujanunua nyingine

Mkuu, umesema ampu yako ya chaneli mbili inapiga vizuri dakika kumi, halafu taa nyekundu inawaka, muziki unakata, na fundi anakwambia ununue nyingine. Usinunue kwanza. Hizo sabufa (spika za bezi) mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ulizobriji, yaani chaneli mbili za ampu zimeunganishwa zifanye kazi kama moja, zimeungwaje?

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Kwenye Noah yangu nilifungiwa chanya za sabufa zote mbili pamoja na hasi zote pamoja, kisha ikabrijiwa. Bezi ilikuwa inatetemesha kioo cha nyuma, nikafurahi kweli. Wiki ya tatu, niko kwenye foleni jioni, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikapeleka mkono chini ya kiti: ampu ya moto, kiganja hakikai. Ikanyamaza moja kwa moja. Tulipoifungua tulikuta transista mbili zimepasuka.

Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba, kama hizo zangu, zinakuwa omu 2. Ukibriji, kila upande wa ampu unabeba nusu ya hapo, yaani ni sawa na kuufungia omu 1. Ampu nyingi za chaneli mbili mwisho wake ni omu 2 kwa kila chaneli, na omu 4 ukibriji. Angalia kitabu chake, au pale pembeni ya matundu ya spika. Omu zikishuka nusu, umeme unaopita unakuwa maradufu, na joto linapanda nao.

Mimi sasa hivi sibriji. Sabufa moja kushoto, moja kulia, kila chaneli inaona omu 4, na ampu inabaki vuguvugu tu. Ukitaka lazima kubriji, ziunge mfululizo: chanya ya ampu iingie chanya ya sabufa ya kwanza, hasi yake iende chanya ya pili, hasi ya pili irudi kwenye ampu. Hapo ni omu 8. Wapo watakaokwambia kubriji kutakupa nguvu zaidi. Kwa sabufa hizo mbili, njia zote mbili zinatoa nguvu ileile.

Ila hesabu kwanza vichwa vya waya kwenye kila sabufa. Ukikuta vinne, hiyo ina koili mbili (koili ni waya uliozungushwa ndani ya spika), na hesabu yote inabadilika: koili mbili za omu 4 zinakupa omu 2 au 8 kwenye sabufa moja tu.

Kupima ni rahisi. Zima redio, chomoa waya za spika kwenye ampu, weka mita kwenye omu. Gusanisha ncha za mita zenyewe kwanza. Yangu husoma 0.3, naitoa. Kisha pima zile waya ulizochomoa. Sabufa ya omu 4 ikisoma 3.4 au 3.6 usishtuke, ni kawaida, kwa sababu mita inapima waya wa koili tu. Ukikuta kama 1.7, basi zimeungwa kama zilivyokuwa zangu.

Ukishapima, weka hapa namba uliyoipata pamoja na picha ya nyuma ya ampu, nikuchoree jinsi ya kuunga.