Machi 1928 iadhimishwe, lakini sahani kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni tarehe gani ya muziki, filamu au utangazaji wa Zanzibar inayostahili kuadhimishwa kila mwaka. Wengi watajibu televisheni ya rangi ilipoanza hapa Zanzibar, na wana haki: Afrika Kusini haikuwa na televisheni ya aina yoyote mpaka 1976, na Bara walingoja hadi miaka ya tisini. Lakini hata hapo, mmoja atakwambia 1973, mwengine 1974. Kuna watakaotaja 5 Septemba 1946, siku aliyozaliwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, hapa Unguja. Mimi naona tarehe tunazo za kutosha. Tusichojua ni kukisikiliza vizuri tulichoachiwa, na hilo ndilo ninalolijibu.

Chukueni Machi 1928. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari na wapigaji wake hadi Bombay, wakarekodi sahani za santuri kwa ajili ya chapa ya His Master's Voice, zile zenye picha ya mbwa anayesikiliza pembe. Hilo watu wanalijua. Kazi yenyewe ilivyofanywa ndiyo isiyosemwa.

Enzi ile sauti ilichongwa kwa sindano juu ya bamba nene la nta. Nta ilipashwa moto kidogo. Ikiwa baridi hukatika makombo na mfereji hukwaruza. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 hubeba dakika 3 na ushei, basi. Wimbo wa taarab harusini unaweza kwenda robo saa, watu wanatunza na ubeti unarejewa mpaka mwimbaji mwenyewe atosheke. Mbele ya nta ilibidi ala za mwanzo zipunguzwe, beti zichaguliwe na kiitikio kihesabiwe. Mpiga fidla akichelewa kuingia, au mtu akikohoa, nta ile huwekwa kando na wote huanza upya, kwa sababu hapakuwa na kukata na kuunga. Wala hawakuweza kuisikiliza kwanza ndipo waamue: nta ikishapigwa huharibika, maana sindano huula mfereji. Iliyokubaliwa ilipakwa madini, ikatolewa kalibu, na kalibu ndiyo iliyokandamiza sahani zilizofika Darajani na Mombasa. Kwa hiyo unachokisikia kwenye sahani ya Siti ni kundi zima kwa pumzi moja, bila marekebisho ya aina yoyote. Waimbaji wa leo wachache wangekubali sharti hilo, na sisemi hivi kuwadharau.

Sasa tunamwekaje hewani? Nakala ya kaseti iliyotokana na kaseti nyengine. Sauti imekuwa nyembamba na ya haraka, na vijana wanaamini ndivyo alivyoimba. Sivyo. Sahani ya 78, yaani ya kuzunguka mara 78 kwa dakika, ikizungushwa mara 80, sauti yote hupanda karibu robo toni. Deki ya kaseti yenye mkanda wa mota uliolegea ikirekodi pole pole kwa asilimia 5, nakala yake ikipigwa kwenye deki nzima hupandisha karibu nusu toni nyengine. Vijumlishe, utapata mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo.

Tatizo la pili ni sindano. Mfereji wa 78 unataka ncha ya mikroni 75 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Sindano ya santuri za kisasa ni kama 25. Inazama hadi chini ya mfereji, inatembea kwenye vumbi, na kelele yote inatoka huko. Gramafoni ya kukoroga nayo ni hatari: kichwa chake hulemea kwa zaidi ya gramu 100, na sindano yake ya chuma ni ya upande mmoja tu kisha hutupwa. Kuipigia sahani adimu ni kuiparura.

Mwenye sahani nyumbani, Ng'ambo au Wete, asiisafishe kwa spiriti. Shelaki, utomvu uliotengenezewa sahani hizo, huyeyuka humo. Tumia maji ya kuongezea betri (si ya asidi) na tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kifuate mzunguko wa mfereji, na karatasi ya katikati isilowe. Ikauke ikiwa wima kivulini. Yenye ufa usiitie maji. Wakati wa kuinakili, uzito wa sindano uwe gramu 3 hadi 5. Tundu likiwa halikukaa katikati sauti huyumba, basi sogeza sahani mpaka mkono wa sindano utulie. Rekodi kwenye kompyuta kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 96, na faili la kwanza lisichujwe kelele hata kidogo. Anayetaka kuchuja achuje nakala, maana kichujio kikali huanza kwa kula mlio wa ngoma ya dafu.

Jambo jengine ni kuipiga picha karatasi ya katikati pamoja na namba iliyo kwenye pete laini inayoizunguka. Namba hiyo ndiyo inayounganisha sahani na daftari za kampuni zilizohifadhiwa Uingereza, na kwa hizo kipindi cha kurekodi hujulikana.

Hapo ndipo msimamo wangu unapolegea. Nilianza kwa kusema hatuhitaji tarehe, lakini bila tarehe hakuna atakayefungua kabati la bibi yake, wala ofisi itakayotenga fedha za sindano. Machi 2028 inatimia miaka 100. Basi iadhimishwe, kwa masharti. Kama siku haitathibitishwa na daftari, tuuchukue mwezi mzima. Zipigwe sahani zenyewe, zisifunikwe na kinanda cha umeme. Zikipatikana chache tu, zipigwe hizo chache. Yakiwa mabango, jukwaa na mgeni rasmi pekee, bora tuache.

Halafu Machi ndiyo masika yanaanza, na unyevu wa kwetu huota ukungu kwenye shelaki na kwenye karatasi zake. Kukusanya, kusafisha na kunakili kumalizike kipupwe cha 2027.